POLISI WA KIGENI NA SHERIA YA MWENYEJI

Katika baadhi ya balozi zilizoko Nairobi, Cairo, Pretoria na miji mikuu mingine ya Afrika, mna maofisa ambao mwananchi wa kawaida hawafahamu, wala hana haja ya kuwafahamu mpaka siku ile jina lake au la nduguye litakapoandikwa katika faili zao. Watu hao si mabalozi, si wafanya biashara, wala si wajumbe wa misaada. Ni polisi. Wametoka katika vikosi vya polisi vya nchi zao, wamepewa hati za kibalozi, na kazi yao ni kuwa kiungo kati ya polisi wa kwao na polisi wa nchi iliyowapokea. Kwa kuwa lugha yetu imekwisha kuwa na mwambata wa kijeshi, na tuwaite hawa waambata wa polisi.

Wako wenzetu ambao wakisikia habari hii hupandwa na hasira mara moja, wakasema huu ni ujasusi uliovikwa koti la sheria. Wako na wengine, ambao kwa maoni yetu wana hatari zaidi, wasemao kwamba wageni wana ujuzi na vyombo, basi waachiwe kazi wafanye wapendavyo. Wa kwanza wanasahau kwamba mhalifu wa leo haheshimu mpaka. Wa pili wanasahau kwamba mpaka haukuwekwa kwa ajili ya mhalifu tu. Jambo lenyewe lahitaji kutazamwa kwa utulivu, maana linagusa mambo mawili ambayo mwanachama yeyote hana budi kuyajali: usalama wa watu, na heshima ya dola yao.

Tuanze na haja. Mtu akiua Arusha jioni, aweza kuwa bara jingine kesho yake adhuhuri. Lakini barua ya kuomba msaada wa kisheria husafiri kwa mwendo wa konokono: kutoka polisi hadi kwa mwanasheria wa serikali, hadi wizara ya mambo ya nchi za nje, hadi ubalozi, hadi wizara ya nchi ile, mpaka hatimaye imfikie inspekta mmoja ambaye labda hasomi lugha iliyoandikiwa. Ndiyo sababu wakuu wa polisi wa nchi mbalimbali walikutana Vienna mwaka 1923 wakaanzisha chama cha ushirikiano ambacho leo chaitwa Interpol. Chama hicho kiliwahi kupatwa na aibu kubwa: Wanazi walipoiteka Austria mwaka 1938 walikiteka na chenyewe, na Reinhard Heydrich, mmoja wa wakuu wa mauaji ya Wayahudi, akawa rais wake. Twalitaja jambo hilo kwa sababu laonyesha kwamba faili za polisi hazina dini wala chama; humtumikia yule aliyeshika ufunguo wa kabati. Baada ya vita Interpol ilijengwa upya, na kifungu cha 3 cha katiba yake kikaikataza kabisa kujiingiza katika mambo ya siasa, ya kijeshi, ya dini au ya rangi.

Watu wengi hudhani kwamba Interpol ina askari wake wanaozunguka dunia wakikamata watu. Haina. Makao yake yako Lyon, Ufaransa, nayo hupokea habari kutoka nchi moja na kuzipeleka kwa nyingine. Hata ile hati nyekundu inayotajwa sana magazetini si amri ya kukamata. Ni taarifa kwamba nchi fulani yamtaka mtu fulani, na kila nchi huamua kwa sheria yake itaipa taarifa hiyo uzito gani. Basi nchi zenye uwezo ziliona kwamba taarifa peke yake haitoshi. Zikataka kuwa na mtu wao mahali penyewe, anayemjua mkuu wa upelelezi kwa jina, awezaye kumpigia simu usiku. Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilianza kuweka watu katika Amerika ya Kusini miaka ya 1940, kuwawinda majasusi wa Ujerumani. Leo lina ofisi zaidi ya sitini katika balozi za nchi hiyo. Nchi za Skandinavia na jirani zao zilikuwa na akili ya wanyonge wanaojua kugawana: tangu miaka ya 1980 zimepatana kwamba mwambata wa mojawapo awatumikie wote, hata Mswidi akikaa katika mji fulani huwa ni mtumishi wa polisi wa Denmark, Finland, Norway na Iceland vile vile. Afrika ya Mashariki inayosema kila siku juu ya umoja ingefaa kuutazama mpango huo kwa makini.

Sasa, mwambata huyo ana mamlaka gani? Jibu ni fupi: katika nchi ya watu hana mamlaka ya polisi hata kidogo. Hawezi kumkamata mtu. Hawezi kupekua nyumba. Hawezi kumlazimisha shahidi kusema. Mwaka 1927 Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa The Hague, ilipoamua kesi ya meli ya Kifaransa Lotus iliyogongana na meli ya Kituruki, iliweka wazi kwamba dola haiwezi kutumia nguvu zake katika ardhi ya dola nyingine pasipo ruhusa. Nao Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 juu ya uhusiano wa kibalozi, katika kifungu cha 41, wamtaka kila mwenye kinga ya kibalozi kuheshimu sheria za mwenyeji na kutojiingiza katika mambo yake ya ndani. Mwambata huomba, mwenyeji ndiye atendaye. Katika maandishi mambo ni safi namna hiyo. Na tuone yalivyokuwa katika matendo.

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kiasi cha saa nne u nusu asubuhi, mabomu mawili yalilipuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam watu 11. Waliojeruhiwa katika miji yote miwili walipita 4,500. Kati ya wote waliokufa Wamarekani walikuwa 12, na wote hao walikufa Nairobi. Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja. Waliokufa walikuwa walinzi, madereva, makarani, wapita njia, na wale waliokuwa ndani ya jengo la Ufundi House lililoporomoka jirani na ubalozi wa Nairobi. Ugomvi ulikuwa wa wengine. Maiti zilikuwa zetu.

Baada ya siku hiyo FBI ilipeleka ng'ambo wapelelezi zaidi ya 900 kwa ajili ya kesi hiyo. Haijawahi kuonekana katika pwani yetu kazi ya polisi wa kigeni kubwa kama hiyo. Na ni haki kusema kwamba ilizaa matunda. Wageni walikuja na maabara, wataalamu wa baruti, na fedha. Lakini aliyejua vichochoro vya Ilala, aliyejua kumsikiliza mwenye nyumba anapoeleza kwa Kiswahili habari za wapangaji wake, alikuwa kachero wa Kitanzania; na huko Nairobi alikuwa kachero wa Kikenya. Mmoja wa watuhumiwa alizuiwa siku ile ile ya mlipuko katika uwanja wa ndege wa Karachi, kwa macho ya ofisa wa Kipakistani aliyeitilia shaka pasipoti yake. Mambo haya hayaandikwi sana katika vitabu vya sifa vya mashirika makubwa, lakini pasipo watu hao wapelelezi 900 wangekuwa watalii.

Hapo hapo matatizo yalianza. Mtuhumiwa aliyekuwa mikononi mwa polisi wa Kenya alihojiwa na Wamarekani katika Nairobi. Je, alikuwa na haki za sheria ya Kenya au za Marekani? Je, angeweza kudai wakili? Jaji Leonard Sand wa New York alilazimika kulipima jambo hilo kabla ya kesi kuanza mwaka 2001, akaamua kwamba mpelelezi wa Marekani anapomhoji mtu ng'ambo ili akamshtaki katika mahakama ya Marekani, haachi katiba ya kwao katika uwanja wa ndege. Kinga ya mtu kutojishtaki mwenyewe humfuata hata Nairobi. Uamuzi huo una maana kwetu. Mara nyingi tumesikia vijana wakisema kwamba haki za mtuhumiwa ni anasa ya nchi tajiri. Kumbe katika kesi hiyo haki hizo zilitetewa kwa ajili ya watu waliokamatwa katika ardhi yetu.

Jambo lililotokea Cape Town ni zito zaidi. Khalfan Khamis Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, aliyetuhumiwa kwa mlipuko wa Dar es Salaam, alikuwa amekimbilia Afrika ya Kusini akaomba hifadhi kwa jina la uwongo. Alikaa huko mwaka mzima, akifanya kazi katika duka la vyakula. Mwaka 1999 mpelelezi wa FBI aliyekuwa akichungua kumbukumbu za waomba hifadhi aliitambua picha yake. Tarehe 5 Oktoba maofisa wa uhamiaji wa Afrika ya Kusini, pamoja na Wamarekani hao, walimkamata. Na mara akapandishwa ndege kwenda New York, ambako alikabiliwa na hatari ya hukumu ya kifo.

Kwa polisi hilo lilikuwa tendo la kusifiwa. Kwa sheria lilikuwa namna nyingine. Mei 28, mwaka 2001, Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini ilitoa hukumu ambayo kila mwanachama anayesoma sheria angefaa kuitafuta. Mahakama ilisema kwamba sheria ya uhamiaji haikuwaruhusu maofisa kumpeleka mtu huyo Marekani. Kama alikuwa mgeni asiyetakiwa, mahali pa kumrudisha palikuwa ni kwao, Tanzania. Ilisema tena kwamba nchi iliyokwisha kuifuta adhabu ya kifo haiwezi kumkabidhi mtu kwa mnyongaji wa nchi nyingine bila kupata kwanza ahadi kwamba hatauawa. Na kwa kuwa mtu alikuwa amekwisha kwenda, mahakama iliamuru nakala ya hukumu ipelekwe kwa njia ya haraka kabisa katika mahakama ya New York. Wananchi walioketi katika baraza la kuamua kesi huko hawakuafikiana juu ya kumwua, akafungwa maisha.

Wako watakaosema: alihukumiwa, alifungwa, kuna hasara gani? Hasara ni kwamba siku ile pale Cape Town haikuwa sheria iliyoamua nani ataondoka na nani atabaki. Walikuwa maofisa wachache wa nchi mbili waliopatana katika ofisi. Leo wamepatana juu ya mtu mwenye hatia. Kesho waweza kupatana juu ya mkimbizi wa siasa, au juu ya kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Sisi ambao katika miaka ya kupigania uhuru wa kusini mwa Afrika tuliwapa hifadhi watu walioitwa magaidi na serikali zao tungekuwa wa mwisho kulisahau hilo. Mandela mwenyewe alikuwa anatafutwa na polisi wa Makaburu alipopita Dar es Salaam mwaka 1962.

Na iko hasara ya pili, ya wazi zaidi, ambayo hata mtu asiyejali haki za mtuhumiwa hawezi kuikana: njia ya mkato huharibu kesi. Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari mwingine, alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Hakupelekwa mahakamani. Alishikwa kwa siri na shirika la ujasusi CIA, kisha Guantanamo, na New York alifikishwa mwaka 2009. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Mtanzania aliyekuwa tayari kueleza kwamba alimwuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumtesa mshtakiwa. Mwaka 2010 Ghailani alionekana hana hatia katika mashtaka yote zaidi ya 280 isipokuwa moja. Kweli hilo moja lilitosha kumfunga maisha. Lakini familia za watu 224 hazikupata kusikia mahakama ikisema kwamba huyu ndiye aliyewaua ndugu zao. Makachero wa Dar es Salaam waliomtafuta shahidi yule walifanya kazi yao. Walioiharibu ni wale waliofanya kazi gizani.

Wenzetu wa Mexico wameyajua mambo haya kabla yetu. Mwaka 1985 mwambata wa idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, kwa jina Enrique Camarena, aliyekuwa kazini Guadalajara, alitekwa na wafanya biashara ya dawa hizo, akateswa hata akafa. Ni vema kukumbuka kwamba kazi hii ina mashahidi wake. Lakini mwaka 1990 watu waliolipwa na DEA walimteka daktari wa Kimexico aliyetuhumiwa kushiriki katika mateso hayo, wakamvusha mpaka. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua mwaka 1992, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba kutekwa kwake hakuzuii kushtakiwa. Kesi ikaendelea, na kabla mwaka haujaisha jaji akamwachia huru kwa kukosa ushahidi. Mexico ilighadhibika. Na baada ya jenerali wake aliyekuwa waziri wa ulinzi kukamatwa Los Angeles Oktoba 2020, Mexico ilitunga sheria mwezi Desemba mwaka huo kwamba wapelelezi wa kigeni wawape wenyeji habari wanazozikusanya, na kila mtumishi wa serikali anayekutana nao aandike taarifa ya mkutano huo. Marekani ililalamika kwamba sheria hiyo itawafaidia wahalifu. Huenda yakawapo madhara. Vyombo vya Mexico navyo vimeingiliwa na rushwa. Lakini haki ya kutunga sheria hiyo ni ya Wamexico.

Rushwa ndiyo inayotuleta nyumbani, maana hoja ya mgeni hapo ina nguvu, wala haifai kuificha. Kwa miaka mingi heroini ya Afghanistan imekuwa ikishuka pwani ya Makran na kupakiwa katika majahazi yanayokuja upande wetu. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo 1,032 katika jahazi moja lililokuwa baharini nje ya Mombasa. Novemba mwaka huo ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Mombasa katika mtego uliotegwa pamoja na DEA. Marekani iliomba wakabidhiwe. Kesi ya kuwakabidhi ilikokotwa zaidi ya miaka miwili, na Januari 2017 serikali ya Kenya iliwafukuza nchini kabla mahakama haijamaliza. Mawakili wao walipiga kelele, na kwa sheria kelele zao zilikuwa na msingi. Walakini ndugu hao walipofika New York walikiri makosa yao, pamoja na kosa la kuwahonga maofisa wa Kenya ili kesi ile isiende mbele. Baktash alifungwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Basi hapa ndipo mahali panapouma: hakimu akinunuliwa, serikali hupata kisingizio cha kumruka, na ikimruka mara moja, haitaona tabu kumruka mara ya pili hata akiwa mwaminifu. Anayepokea hongo mahakamani anauza haki ya nchi yake kuamua kesi zake wenyewe.

Iko namna nyingine ya polisi ng'ambo, ambayo haistahili hata jina la mwambata. Mwaka 2022 shirika moja la kutetea haki, lenye makao yake Hispania, lilitoa habari juu ya vituo vya polisi wa China katika nchi nyingi, ambavyo wenyeji hawakuarifiwa. China ilijibu kwamba vilikuwa mahali pa kuwasaidia raia wake kupata hati, na wahudumu wake ni watu wa kujitolea. Aprili 2023 watu wawili walikamatwa New York kwa sababu ya kituo kimoja kama hicho. China ni rafiki wa zamani wa Tanzania, na reli ya TAZARA ni ushahidi; lakini urafiki haubadili kanuni. Askari wa Washington, wa London au wa Beijing, wote ni sawa mbele ya mwenyeji: ama amejulishwa na kuandikishwa, ama si mwambata.

Tanzania haikosi sheria za kufanyia kazi hii. Iko Sheria ya Kuwarejesha Wahalifu ya mwaka 1965, inayotaka mtuhumiwa afikishwe mbele ya hakimu kabla ya kukabidhiwa, na isiyoruhusu mtu kutolewa kwa kosa la siasa. Iko Sheria ya Kusaidiana katika Mambo ya Jinai ya mwaka 1991, inayoeleza jinsi ushahidi unavyoombwa na kutolewa. Upande wa jirani, wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki waliunda umoja wao mjini Kampala katika mwaka ule ule wa mabomu, 1998, na ofisi ya Interpol ya Nairobi ndiyo inayouhudumia. Kinachobaki ni kuitumia njia hiyo hata pale simu ya rafiki ubalozini inapokuwa nyepesi zaidi. Wabunge wetu nao wangefanya vema kuuliza, bila kutaka siri za upelelezi zitolewe hadharani: waambata wa kigeni walioandikishwa ni wangapi, wanaripoti kwa nani, na sisi tuna maofisa wangapi katika miji yao? Maana ushirikiano ambao mmoja tu ndiye anayeweka watu nyumbani kwa mwenziwe una jina lingine.

Kuna na swali la mtu wa kawaida: kuli wa bandarini, karani wa forodha, baharia wa jahazi, msichana wa mapokezi hotelini. Hao ndio wanaoona mizigo na nyuso, na hao ndio watakaofuatwa na wageni wenye maswali. Mwenye habari za uhalifu ana wajibu wa kuzitoa, wala asiogope. Lakini azitoe kwa polisi wa nchi yake. Akijiwa na mgeni peke yake, ana haki ya kumwuliza yeye ni nani, ametumwa na nani, na ofisa wa Kitanzania anayefuatana naye yuko wapi. Mgeni aliyekuja kwa halali atamwonyesha ofisa huyo. Asiye naye hana uwezo wa kumtia mtu mbaroni, wala kumlazimisha kutia sahihi karatasi, wala kumchukulia simu yake. Na mfanyakazi atakayemwambia hivyo kwa adabu, kisha akaenda kutoa taarifa kituoni, hatakuwa amezuia upelelezi wowote wa halali.